Kitufe cha Kwanza

Meno mawili ya mbele ya babu yangu yaling'oka mwaka mmoja, moja wakati wa Kwaresima na jingine msimu wa senene, na hapo ndipo alipoacha kupuliza tarumbeta. Wageni waliokuja kumpa pole walidhani ni kifua. Babu aliwasahihisha mmoja mmoja: kifua ni kizima, hata leo anaweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akageuka. Tatizo ni kwamba mdomo wa juu unahitaji ukuta wa kuegemea, na ukuta umebomoka. Alikuwa amepuliza katika bendi ya matarumbeta ya usharika wetu kwa zaidi ya miaka hamsini, sauti ya pili, ile ambayo hakuna mtu anayeondoka nayo kichwani baada ya ibada.

Tarumbeta lenyewe lilibaki chumbani kwake ndani ya kiroba, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Rangi ya fedha imelika pale vidole vinaposhika, na kwenye mdomo wake mpana kuna bonde dogo alilolipata siku alipoanguka na baiskeli akienda kuzika. Kila mtu nyumbani alijua liko pale. Hakuna aliyeuliza litakwenda kwa nani, kwa sababu kulikuwa na habari ya tarumbeta la kwanza, ambayo nitaifikia.

Kwetu ni Kimwani, kusini mwa Muleba, upande wa kuelekea Biharamulo. Ukisoma vitabu vya historia ya Kagera utakutana na Kiziba, Kihanja, Karagwe, Ihangiro. Kimwani utaikuta katikati ya sentensi, baina ya mikato miwili, kama kituo ambacho basi hupunguza mwendo bila kusimama. Watu wa Bukoba mjini wakituuliza kwetu ni wapi, tunasema Muleba, basi, yanaisha. Ninalisema hili mapema kwa sababu nilikwenda Dar es Salaam kusoma historia nikiwa na hasira kidogo juu ya sentensi hizo, na hasira hiyo ilinipeleka kwenye mada ya tasnifu yangu ya uzamili kwa kasi kuliko busara.

Mada ilikuwa bendi. Hoja yangu ilikuwa tayari kabla sijafungua faili hata moja: matarumbeta yaliletwa na wakoloni ili kuwafundisha Waafrika kutembea kwa mstari. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa na adui, ilikuwa na picha za kuonyesha ukutani, na ilikuwa na kitabu cha kubishana nacho, kile cha Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni kilichotoka mwaka 1975. Ranger alifundisha historia Dar es Salaam miaka ya 1960, na kitabu chake bado ndicho kila mtu huanza nacho.

Kwa asiyejua beni: mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, vijana walianza vyama vya ngoma vilivyoiga bendi za Wazungu. Mifano ya kuiga haikukosekana. Zanzibar Sultani alikuwa na bendi ya wanamuziki Wagoa. Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, kulikuwa na matarumbeta ya misheni. Na Wajerumani waliweka Dar es Salaam bendi ya askari Waafrika. Neno beni lenyewe ni "bendi" lililopita katika ulimi wa Kiswahili. Vyama vilikuwa na wafalme, magavana, madaktari, manesi, na sare zilizowagharimu watu mishahara. Tanganyika vikajigawa katika pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, na ushindani wao ulikuwa wa kweli kabisa: nani ana nguo bora, nani anapiga kwata vizuri, nani atalisha watu wengi zaidi hadi apate deni. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Askari na wapagazi, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, walitembezwa nchi nzima, na beni ikatembea nao. Vita vilipokwisha ilikuwa imefika Malawi na Zambia, na maofisa wa Kiingereza wakaanza kuandikiana barua za wasiwasi: hawa watu wenye vyeo vyetu, wanapanga nini?

Ranger alisema, kwa ufupi wangu mimi, kwamba beni haikuwa kasuku. Vijana walichukua umbo la jeshi na kulijaza mambo yao, mashindano ya mitaa ya zamani na starehe ya kuonekana mjini. Mimi nilitaka kumjibu kwamba umbo halina huruma. Ukiliazima nalo linakuazima. Nilikuwa na miaka 24. Nilirudi Kimwani likizo ya Juni nikiwa na daftari jipya na kinasa sauti cha simu, kumhoji babu ili anipe ushahidi.

Babu alinisikiliza hadi mwisho. Alipenda kunisikiliza, nadhani kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na huniita "mama" hata anaponikaripia. Akasema, "Mama, njoo Alhamisi mazoezini. Usiandike kitu. Sikiliza."

*

Alhamisi hiyo ilikuwa ya kwanza kwa mzee mmoja mstaafu wa JWTZ kufika mazoezini. Alikuwa amerudi kijijini baada ya miaka mingi katika bendi ya jeshi, na usharika mzima ulikuwa unamngojea. Nitamwita Afande, kama kila mtu anavyomwita. Alikuja na tarumbeta lake ndani ya kasha la ngozi, si kiroba, akalipangusa kwa kitambaa cha njano, akaketi karibu na vijana wa sauti ya kwanza. Mwalimu wa bendi akatoa kitabu cha nyimbo, akataja namba, akahesabu nne.

Sijui niieleze vipi sauti iliyotoka. Ilikuwa kama mlango wa chuma unaoburuzwa sakafuni. Wakaacha. Wakaanza tena, mlango ukaburuzwa tena. Vijana walitazamana, halafu wakamtazama Afande, naye uso wake ukabadilika rangi, kwa sababu alijua, na kila mtu alijua, kwamba yeye ndiye mwenye kujua kuliko wote pale. Alikuwa anasoma ukurasa uleule. Hakukosea noti hata moja. Lakini kila alichopiga kilikuwa chini ya wenzake kwa toni moja nzima.

Babu, aliyekuwa ameketi mlangoni na fimbo yake, alicheka kwa mapengo yote. "Huyu amefundishwa tarumbeta ya serikali," akasema. "Sisi tumefundishwa ya kitabu."

Ilinichukua wiki mbili kuelewa alichosema, na nitajaribu kukueleza kwa dakika mbili.

Tarumbeta la kawaida limeundwa kwa B flati. Ukilipuliza bila kubonyeza kitufe chochote, sauti inayotoka, ukiipima kwa kinanda, ni B flati. Lakini jeshini, polisini na katika bendi nyingi za dunia, mpulizaji hufundishwa kuiita sauti hiyo C. Muziki wake huandikwa umepandishwa toni moja ili hesabu irudi sawa. Si ujinga, kuna akili ndani yake: mtu aliyejifunza koneti leo anaweza kupewa honi kubwa kesho, vidole vikabaki vilevile, na jeshi hupenda watu wanaoweza kuhamishwa. Gharama yake ni kwamba kila chombo lazima kiandikiwe karatasi yake. Mpulizaji huyo hawezi kuchungulia kitabu cha mwimbaji na kupiga pamoja naye. Akiona B flati kitabuni, kidole chake kitabonyeza kitufe cha kwanza, na kitakachotoka ni A flati.

Bendi ya usharika wetu haifanyi hivyo. Kwao, bila kitufe ni B flati, na B flati ni B flati. Wanafungua kitabu kilekile anachofungua mpiga kinanda na kwaya, sauti nne katika mistari miwili, na kila mtu anachukua mstari wake. Mimi mwenyewe sikuwa nikijua kwamba kuna njia mbili. Nilikuwa nimejifunza tarumbeta kidogo Dar es Salaam, kwa kuazima la rafiki na kutazama video, na video zote zilisema bila kitufe ni C.

Sasa, mwanafunzi wa historia akikuta watu wa Kimwani wanasoma tarumbeta tofauti na karibu ulimwengu wote, anapaswa kuuliza nani aliwafundisha. Babu alifundishwa na mwalimu wa shule ya misheni, ambaye alifundishwa na mmisionari. Mmisionari alitoka wapi, hilo halikuwa gumu.

*

Kuna eneo magharibi mwa Ujerumani linaloitwa Ravensberg, nchi ya wakulima na wafumaji wa kitani. Mwaka 1843, katika kijiji cha Jöllenbeck karibu na mji wa Bielefeld, vijana wa kanisa walianzisha kikundi cha matarumbeta ili wimbo wa kanisa uweze kutoka nje ya kanisa. Vikundi vya namna hiyo vikaenea vijiji jirani. Waliovisukuma zaidi ni wachungaji wawili, baba na mwana: Eduard Kuhlo, na mwanawe Johannes, aliyezaliwa 1856 na kufa 1941, ambaye Wajerumani walimbandika jina la Jenerali wa Matarumbeta. Jina hilo ni kichekesho, kwa maana Johannes Kuhlo alikuwa na ugomvi wa kudumu na sauti ya jeshi. Alitaka chombo cha shaba kiimbe. Alipenda flugelihoni, ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini, na alifundisha kwamba mpulizaji afuate pumzi ya mwimbaji na maneno ya beti. Kwa sababu hiyohiyo alishikilia kwamba wapulizaji wasome kitabu cha waimbaji kama kilivyo, bila kupandisha wala kushusha. Mtoto wa mfumaji asihitaji karatasi ya pekee. Kitabu kimoja, watu wote.

Kuhlo alifanya kazi miaka mingi Betheli, pale pale Bielefeld, katika taasisi kubwa ya kanisa ya kuhudumia wagonjwa. Na Betheli ndiko yalikohamia, mwaka 1906, makao ya chama cha misheni kilichokuwa kikifanya kazi Usambara tangu 1891. Chama hicho kiliingia Rwanda 1907. Mwaka 1910 kikaja Bukoba.

Nilipoandika tarehe hizo kwenye mstari mmoja mikono ilinitoka jasho, maana hoja yangu ya tasnifu ilikuwa imeanza kuvuja. Nilikuja kutafuta jeshi. Nikamkuta mtu aliyetengeneza bendi mahususi ili isiwe jeshi.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Uzeeni Kuhlo alimshangilia Hitler na kujiunga na chama chake. Huruma ya masikio haikumfikisha mbali. Na Betheli haikuja Bukoba kwenye uwanja mtupu. Wajerumani walikuwa na kituo pale tangu Emin Pasha alipokifungua mwaka 1890, walitawala kwa mkono wa wafalme wetu, wakimpendelea huyu na kumdidimiza yule, na Kahigi wa Kihanja alijua kulitumia hilo kuliko wenzake. Wakatoliki walikuwa Kashozi tangu 1892. Wapo pia Wahaya waliokuwa wamejifunza kusoma Uganda, kwa vitabu vya Kiganda, wakaanza kukusanyika na kusali kabla Mjerumani wa Betheli hajashuka mtumbwini. Hao wa mwisho ndio ninaowapenda, na ndio wanaoeleza kilichofuata.

Kwa sababu walimu waliondoka. Juni 22 na 23, 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba, wakabomoa mnara wa simu ya upepo, mji ukaporwa, wakarudi zao. Mwaka uliofuata wakaja kukaa. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Miaka ya 1920 Wamethodisti wa Afrika Kusini walishika kazi kwa muda, kisha Wajerumani wakarudi, kisha vita vya pili vikawaondoa tena na Waswidi wakaja. Bengt Sundkler, Mswidi, akawa askofu wa kwanza. Baada yake, mwaka 1964, Josiah Kibira, Mhaya. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi mwenye kitabu aliondoka na kitabu kikabaki. Katikati ya mapengo hayo kuna mtu, na si Mzungu, aliyemwonyesha mtoto kwamba bila kitufe ni B flati. Hakuna faili linalomtaja. Ushahidi wa kwamba alikuwepo ni vidole vya babu yangu.

Nilimwandikia msimamizi wangu haya yote usiku huo, kurasa nne. Alijibu kwa mstari mmoja: "Vizuri sana. Hati iko wapi?"

*

Afande hakuja mazoezini Alhamisi iliyofuata. Nilimfuata nyumbani. Nilidhani nitamkuta amenuna, nikamkuta anamenya ndizi na mkewe, na kasha la ngozi liko juu ya kabati. Alinikaribisha kahawa, akazungumza kwa muda mrefu juu ya bei ya kahawa, na ndipo akasema jambo lililomtoa moyoni: miaka yote jeshini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anakosea, na sasa watoto wa shule wamemcheka.

Nilimwambia hakukosea. Nikamweleza Kuhlo, Betheli, toni moja. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu iliyobatilishwa.

Halafu akanieleza upande wake, na nakiri nilikuwa sijautafuta, kwa kuwa nilidhani tayari ninaujua. Bendi ya jeshi letu inatoka katika ukoo wa King's African Rifles. Batalioni ya sita, ya Tanganyika, iligeuzwa jina kuwa Tanganyika Rifles wakati wa uhuru. Januari 1964 ikaasi, kuanzia kambi ya Colito Dar es Salaam, iliyopewa jina la mahali pa vita nchini Ethiopia ambapo batalioni hiyo ilipigana mwaka 1941. Na Septemba mwaka huohuo wa 1964 JWTZ likaanzishwa kwa watu wapya na kanuni mpya. Kanuni zilibadilishwa, makamanda wakabadilishwa, uhusiano wa askari na chama ukabadilishwa. Namna ya kusoma tarumbeta ikabaki ileile. "Mapinduzi hayakufika kwenye kitufe cha kwanza," Afande alisema, na akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

Alichonieleza kwa undani hasa ni buruji. Buruji haina vitufe kabisa. Ni bomba lililokunjwa, na milio yote ya jeshi, ya kuamka, ya kula, ya kulala, ya kuzika, inapigwa kwa noti tano tu ambazo midomo inaweza kuzitoa katika bomba hilo. "Kwenye tarumbeta ukitetemeka unaweza kujificha kidogo kwenye vidole," alisema. "Buruji inaonyesha midomo yako ilivyo."

Wilaya yetu ina Kaboya. Ndiko yalipo makaburi ya wanajeshi waliokufa katika vita vya Kagera, vile vilivyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, yakateka eneo la kaskazini ya mto na kuvunja daraja la Kyaka, hadi Kampala ilipoangushwa Aprili 1979. Julai 25 ni siku ya Mashujaa, na mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika hapo hapo Kaboya. Afande aliingia jeshini baada ya vita, lakini alifundishwa buruji na watu waliozika wenzao. Akasema mwalimu wake aliwakataza kitu kimoja: kuipendezesha. Noti ya mwisho ya mlio wa maziko usiivute ili watu wakusifu. Ipe urefu wake, uishushe buruji, usimame.

Niliandika hilo mkononi, kwa kuwa daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani. Sauti ya jeshi niliyoiandikia kurasa nyingi bila kuwahi kumuuliza mtu aliyeipuliza.

*

Kuna jambo la tatu, na hili lilitaka kuniharibia kila kitu kwa uzuri wake.

Kabla ya shaba kulikuwa na makondere. Ni matarumbeta ya vibuyu vilivyounganishwa, yanayopulizwa kwa ubavuni, na yalikuwa ya ikulu za wafalme, kwetu Uhayani kama kwa Waganda, Wanyoro na Wanyankole. Kila kondere hutoa sauti moja, labda mbili. Mtu mmoja hana wimbo. Wimbo hupatikana watu watano au zaidi wanapopokezana, kila mmoja akiingia katika tundu lililoachwa na mwenzake, haraka kiasi kwamba msikilizaji wa mbali hudhani ni mpulizaji mmoja mwenye pumzi isiyoisha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine zake za kunasa sauti, alifika Tanganyika na kurekodi pia muziki wa Wahaya. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1963, serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu, na wapuliza makondere wakawa watu wenye ufundi usio na mlango wa kuupeleka.

Unaona ninakokwenda. Babu alianza tarumbeta mwaka 1965. Nilijiona nimeshika uzi wa dhahabu: ikulu zimefungwa, wapulizaji wanahamia kanisani, sauti nne za Westfalia zinapokelewa na masikio yaliyozoea kupokezana. Aya ilikuwa imekwisha kuandikika kichwani, pamoja na kichwa cha habari.

Nikampelekea babu. Akanitazama kwa muda.

"Makondere niliyasikia mara moja," akasema. "Nilikuwa mdogo, tata alinipeleka Ihangiro. Niliogopa nikalia. Tarumbeta nilikwenda kwa sababu wapulizaji walipewa chai na mandazi."

"Basi hakuna uhusiano, babu?"

"Mama, uhusiano gani? Wale walikuwa watu wa Omukama, wana ukoo wao na siri zao. Mimi nilikuwa mtoto mwenye njaa."

Nimeiacha ile aya nje ya tasnifu. Inaniuma bado, hasa usiku.

*

Habari ya tarumbeta la kwanza ni fupi. Babu alikuwa na mawili. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimwomba anifundishe, akasema midomo ya msichana ikishapata alama ya duara watu watauliza maswali. Akamfundisha binamu yangu, mvulana, aliyekuwa na sikio zuri kuliko langu, siwezi kukana. Binamu akaenda Mwanza na tarumbeta, akapata shida za mjini, na tarumbeta likauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Shaba ina bei. Babu hakuwahi kulisema kwa sauti. Alinunua kiroba kipya, akafunga lililobaki, na kwa miaka kumi na mitatu mimi na yeye hatukuzungumza juu ya ombi langu.

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi chuoni nilimwambia, "Babu, ulininyima."

Nilitegemea atasema juu ya zama zile, au juu ya bibi, au atakaa kimya. Akasema, "Nilikunyima, waitu." Neno hilo la heshima hulitumia kwa wakubwa zake. Kisha, "Leta kiroba."

Kamba ya mgomba ilikuwa imekauka, nikaikata kwa kisu. Vitufe viliganda, tukavipaka mafuta ya cherehani. Babu hakuweza kunionyesha kwa mdomo, kwa hiyo alinifundisha kwa kuimba na kwa vidole vyake juu ya kifundo cha mkono wangu, kimoja, viwili, vitatu, akigandamiza kwa uzito wa kila noti. Wimbo ulikuwa wa maziko, sauti ya pili. Nilikuwa sijawahi kuusikia mstari huo peke yake. Hauendi popote. Unakaa kwenye noti moja vipimo vitatu, unashuka hatua, unarudi. Nilimuuliza kama hakuwahi kutamani sauti ya kwanza, miaka hamsini yote hiyo. Alisema sauti ya kwanza wanaiimba waombolezaji; wakizidiwa na kilio wakinyamaza, itabaki kwa sababu kila mtu anaijua. Ya pili ikinyamaza hakuna wa kuiokota.

Afande amerudi mazoezini. Nimeambiwa kwa simu kwamba ameandika namba za vitufe kwa penseli juu ya kila noti katika kitabu chake, nyimbo zote, na kwamba vijana wamemwomba awafundishe njia ya serikali Jumamosi, kwani wawili wanataka kujiunga na jeshi. Msimamizi wangu bado anataka hati. Nimempelekea rekodi mbili za bendi, moja ya Afande akisoma kijeshi na moja akisoma kwa penseli.

Mwezi Desemba nilirudi. Babu alikuwa amelala zaidi ya kukaa, bakuli la senene halijaguswa kando yake, na aliposikia kiroba kikifunguliwa hakuinua kichwa. Nilianza ule wimbo. Mstari wa pili nilisahau, mkono ukarudi kwenye zile video za Dar es Salaam, nikaona B flati na kidole kikabonyeza. Babu hakufumbua macho. Aliinua kidole chake cha kwanza kutoka kwenye blanketi, akakishikilia juu, hadi nami nilipoinua changu.